Picha Ile Ni Yangu

Jumanne, 5 Desemba 1972

Picha yangu iko kwenye kalenda! Nimeiona dukani kwa Waziri, muuza vitambaa. Mwaka mzima wa 1973 umepangwa chini ya kidevu cha bibi yangu, Bibi Somoe! Nilicheka peke yangu barazani hadi Waziri akaniuliza kama naumwa. Bibi anacheka meno yote manne, liwa ya msandali imemkauka uso mzima, kanga imeshuka begani. Nilimpiga picha hiyo uani kwake Mikindani, Jumapili ile ya maandalizi ya harusi ya Mwanaisha, wanawake peke yetu.

Kisha nikasoma herufi ndogo. Picha na Alawi.

Alawi! Bosi wangu wa studio! Siku ile alikuwa kwake Likombe kalala na homa. Lakini kila picha inayooshwa studio huigonga muhuri wake nyuma, hata niliyopiga mimi. Waziri aliomba picha nzuri ya kalenda ya duka lake, Mzee akachomoa hiyo kwenye boksi. Mpiga chapa akasoma muhuri, basi.

Nataka jina langu pale. Silali.

Jumatano, 6 Desemba

Nimemwambia Mzee Alawi. Akasema kamera ni yake. Nikasema filamu nilinunua mwenyewe. Akasema dawa za kuoshea ni zake, na chumba cha giza, na taa nyekundu. Nikasema Bibi ni wangu. Akaenda kunywa chai.

Moja bila!

Ijumaa, 8 Desemba

Nimekwenda kwa Gaudensi, karani wa mahakamani, kuiandikisha picha. Nilivaa viatu vya sikukuu. Nilidhani inaandikishwa kama baiskeli, unapewa namba yako unaondoka. Gaudensi alicheka hadi akavua miwani. Haiandikishwi, alisema. Sheria ipo tangu sitini na sita: picha ni ya aliyeipiga, ila akiipiga kazini inakuwa ya mwajiri. Akaniuliza, ulikuwa kazini?

Kazini! Jumapili, uani, peku, mikono imejaa unga!

Akasema basi Alawi akikubali kwa maandishi, hakuna wa kunibishia tena. Nimerudi nikirukaruka njia nzima kama mwehu.

Jumatatu, 11 Desemba

Mzee hataki kuandika. Anasema leo nitataka picha, kesho nitataka studio.

Kalenda zimegawiwa zote. Moja iko kwa kinyozi kule Mtawanya, wanaume wananyolewa huku wanamtazama Bibi! Nyingine, Waziri kasema, imepelekwa Mikindani. Nimefurahi sana. Watu wa kwetu nao waione.

Jumanne, 12 Desemba

AMESAINI! Nimefika asubuhi, hata shikamoo hajaitikia vizuri, karatasi hii hapa. Kaandika mwenyewe: "Picha ya Bi Somoe ni mali ya Saumu. Aliipiga yeye kwa hiari yake. Mimi simo." Na muhuri, mara mbili! Nimecheza chumba cha giza kizima, nimeangusha beseni.

Saa nne — naandikia humu humu chumba cha giza. Bibi yupo studio. Kaja na basi la Mikindani, kalenda kaiviringisha kwapani. Jana jioni alimtuma mtu kwa Mzee Alawi kwamba anakuja. Jana jioni! Na mimi nikadhani nimemshinda kwa hoja.

Nasikia kila neno. Miaka arobaini ya ndoa, anasema, marehemu babu hakuwahi kumwona na liwa usoni, alikuwa ananawa kabla mume hajavuka kizingiti. Leo kinyozi anamwona. Mwenye picha hii ni nani?

"Shikamoo, Bi Somoe," Mzee Alawi kajibu, kwa adabu ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Mwenyewe yuko humo ndani. Ana hati."

Mlango unagongwa, taratibu.

"Mke mwenza, fungua."

Nimesema nikifungua mwanga utaunguza filamu. Mzee Alawi kasema hakuna filamu humu. Kaniuza!

Bibi kavuta kiti, nakisikia. Anasema hana haraka, basi la kurudi ni la jioni.

Nimeisoma hati tena. Jina langu limeandikwa vizuri sana.