Shali Hakuwa Mtu

Kaka Jailo,

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu hapa sokoni Tunduma. Mvua imewafukuza wateja, vitenge nimevifunika turubai, na chai yangu imepoa. Usinicheke. Najua ungesema, "Enesi, mtu akishazikwa haandikiwi, anaombewa." Kukuombea nakuombea. Lakini mengine niliyonayo ni umbea mtupu, siwezi kuyapeleka kwenye sala.

Nianze na ule wimbo wako. Wewe umepumzika, wenyewe hata dalili ya kuchoka hauna. Jumapili iliyopita kulikuwa na harusi kule Chapwa, bwana harusi akaingia ukumbini na "Shali Nipo", suti ya bluu, anatingisha mabega, mashangazi wanampepea na kanga. Nikajiziba mdomo. Maana mimi na wewe tunajua alichokuwa anamwambia yule binti wa watu. Alikuwa anamuaga!

Jamani, Kaka Jailo, ile ilikuwa balaa. Umetunga wimbo wa dereva wa lori. Umekuwa utingo ujanani, unajua mtu anavyoondoka nyumbani alfajiri, mke kashika taa mlangoni. Dereva anawasha gari, anamwambia kwa Kibemba lile neno tunalolisikia hapa mpakani kila siku mtu akiondoka: shalenipo. Bakini salama. Basi, hakuna kingine. Ukalirudia kwenye kiitikio, na mimi nyuma yako nalirudia kwa sauti ya pili, wimbo ukafika redioni, na yule mtangazaji wa mjini, Mungu amsamehe, akasikia "Shali, nipo". Akautangaza hivyo hivyo. Kuanzia siku ile nchi ikapata msichana anaitwa Shali, na mwanaume anayemwahidi kwamba yupo. Watoto wakabatizwa Shali. Kuna saluni inaitwa Shali, kibao kikubwa kimechorwa mwanamke mwenye nywele mpaka kiunoni.

Ulijaribu kueleza. Namkumbuka MC mmoja aliyekupigapiga begani akasema, "Mzee, usituharibie sherehe." Ukacheka. Mwanzoni ulikuwa unacheka kweli, baadaye ukawa unacheka kwa meno tu. Ulipopeleka "Mizani" studio, mwenye studio akakuuliza kama huna "Shali Karudi". Ulipompelekea "Kikombe cha Bati", akasema pengine tukiuita "Shali Kaolewa" utauzika. Siku ile ulitoka pale, ukaninunulia muhindi wa kuchoma, na wewe hukula.

Nyimbo zako zote nzuri tukawa tunazipiga watu wakiwa wanakula. Pilau ndiyo imesikia "Mizani" kuliko binadamu. Wimbo wa mwanamke anayeuza mahindi kando ya mizani ya malori, kila gari linapita linapimwa mzigo wake, na yeye hakuna aliyewahi kumuuliza wake una kilo ngapi. Mimi nilikuwa nauimba nimefumba macho ili nisione watu wanavyogombania nyama. Siku moja ukaniambia, "Imba tu, Enesi, kuna mmoja anatafuna polepole, huyo anasikiliza." Yaani wewe!

Sasa nije kwenye la mkeo, ninayemwita wifi ingawa undugu wangu na wewe ni wa bendi tu. Ulilijua, ila hukujua lilikuwa kubwa kiasi gani.

Wewe wiki nzima uko huku Tunduma na gitaa, yeye yuko Ihanda na kahawa na watoto. Kibemba hakijui, Kinyiha chake na Kiswahili vinamtosha. Kasikia redioni mume wake anamlilia mwanamke anaitwa Shali. Ukamweleza, naye akakujibu lile jibu ulilonisimulia tukacheka mpaka ukapaliwa: "Kibemba gani hicho chenye 'nipo' mwishoni? Kama upo kwake, kaa huko huko." Tulicheka, lakini mwenzetu hakuwa anacheka. Alitafuta Shali ni nani, na nani mwingine angempata, zaidi ya yule mwanamke anayesimama kushoto kwa mumewe kila Jumamosi kavaa kitenge kipya? Miaka yote hiyo hakuniita wifi hata mara moja. Nilikuwa "yule mama wa bendi". Nikija Ihanda ananiletea kiti, ananiletea maji, halafu anaingia ndani kukaa na moshi wa jikoni. Iliniuma, Kaka Jailo. Iliniuma sana, na wewe ukawa unasema ataelewa tu.

Kaelewa. Lakini ilibidi ufe kwanza.

Siku ya kukuzika Ihanda ilikuwa msimu wa kuchuma, vidole vya watu vimekuwa vyeusi kwa kahawa. Presha ilikubeba ghafla, hakuna aliyejiandaa, vijana wa spika wakaona heshima yako ni kupiga ule wimbo. Wakaufungulia kwa nguvu zote. Watu wanalia huku mabega yanacheza yenyewe, unajua ule wimbo ulivyo. Wifi akajifunika kanga usoni, akainuka, akaingia ndani. Nilitamani kwenda kung'oa nyaya. Nikasema moyoni, hata leo? Hata leo huyu Shali hamwachii mume wake?

Wale wenzetu wa Nakonde walikuwa wamekuja na Coaster ya kukodi, wanaume na wanawake, wale tuliokuwa tunawapigia kwenye sherehe zao ng'ambo ya mpaka. Mazishi yalipoisha wakaenda kumuaga mfiwa. Alikuwa ametolewa nje, kakaa kwenye mkeka. Wakapanga mstari, mmoja mmoja anapiga goti, anamshika mkono, anasema kwa upole, "Mama, shalenipo." Anayefuata, "Shalenipo, mama." Nami nimesimama karibu na sufuria, nikaona uso wa wifi unabadilika. Mwanamke mmoja mnene alipomshika mkono, wifi hakuuachia. Akamuuliza, "Umesemaje?" Yule mama akaogopa, akadhani kakosea adabu za watu. Mwenzake ndiye aliyejibu kwa Kiswahili chao cha mpakani: "Tunaaga tu, mama. Anayeondoka ndiyo anasema hivyo kwa anayebaki."

Wifi akauachia mkono. Mstari ukaendelea, kila mtu anamwambia neno lile, na yeye anaitikia kwa kichwa tu. Kisha akageuka akanitazama, watu wote wale katikati yetu. Nikakosa pa kuweka macho.

Sikumfuata. Ningemwambia nini? Nikarudi Tunduma, na huku nikakutana na tatizo jingine, na hili ndilo lililoninyima raha mpaka majuzi.

Kijana mmoja mwenye studio hapa nyuma ya soko alinijia. Kijana mwenye adabu, baba yake alikuwa anacheza nyimbo zetu. Akasema, "Mama, naambiwa mzee alikuwa na nyimbo nyingi. Zilete tuzirekodi kabla hazijapotea." Nikafurahi nikafunga kibanda mchana kweupe. Nikaenda, nikavaa yale masikio yao, nikaanza "Mizani". Nikaimba mpaka mwisho. Kijana akanitazama kwa huruma, akauliza taratibu, "Na wimbo wenyewe, mama?"

Loh! Ndipo nilipojua, Kaka Jailo. Wimbo wenyewe sina. Wewe na mtindo wako ule! Ulikuwa unakuja hapa kibandani, unakaa juu ya mzigo wa vitenge, unanifundisha sauti ya pili kabla hata sijausikia wimbo. "Wewe simama upande wako, mimi nitakuja." Na kweli ulikuwa unakuja. Sauti ya kwanza sikuwahi kuiimba hata siku moja, na nilipojaribu kuitafuta, kila nikiishika inateleza, narudi kule kule ninakokaa. Nikiimba peke yangu nasikika kama mtu anayeongea na simu, mnasikia majibu tu. Mpiga besi wetu yuko Kitwe, na yeye anakumbuka besi. Wewe hukuandika chochote, ulisema wimbo ukiandikwa unalala. Haya sasa, umelala wewe, na nyimbo zimebaki nusu nusu kwangu mimi, mwanamke wa makamo ninayesahau hata nimeweka wapi funguo. Nilikukasirikia. Nilikaa hapa hapa nikakutukana kimoyomoyo. Baada ya kukutukana nikalia, mteja akanionea huruma akanunua doti bila kubishana bei.

Halafu wiki tatu nyuma, nimeinama nafungua mzigo, nikasikia sauti nyuma yangu: "Nimekuja kumwona Shali."

Nikageuka. Wifi! Kasimama na debe la maharage kichwani, kanga imelowa, uso mkavu kabisa. Nikamwambia, "Shali ndiyo mimi, karibu." Tukatazamana. Akaanza yeye. Alicheka, Kaka Jailo, nikaogopa maharage yatamwagika. Mimi nami nikaanguka juu ya vitenge. Wenye vibanda wakaja kuuliza kuna nini, na hatukuweza kueleza, maana ungeanzia wapi? Kicheko kilipoisha akashika mkono wangu, akasema, "Wifi, nimekudhania vibaya miaka mingi." Nikamwambia aache, akae, anywe chai.

Alikaa, akawa ananisaidia kukunja. Nami nikikunja vitenge huwa naimba, mwenyewe unajua, mdomo wangu hautulii. Nikawa nachombeza "Kikombe cha Bati", ule wimbo wa mama yako, aliyekiacha kikombe cha baba yenu kwenye msumari wake na hakuna aliyeruhusiwa kukinywea. Naimba zangu za pili, sina hata habari. Mara ukaja juu yangu wimbo. Wimbo wenyewe! Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikainua macho, ni yeye, anakunja kitenge, hata haniangalii, sauti ndogo ya mtu wa mstari wa nyuma kwenye kwaya, lakini kila kitu kipo mahali pake. Kila kona. Hata ile pumzi uliyokuwa unaivuta katikati ya neno "baba".

Kumbe ulikuwa unaziimba shambani! Akaniambia siku ukirudi nyumbani ulikuwa unaimba mnapopogoa kahawa, wewe mstari huu wa mibuni na yeye mstari ule, na yeye alikuwa kimya amevimba, anaamini unamwimbia huyo mwingine. Alisema, "Sikutaka kuzisikia, wifi. Ziliingia tu." Miaka yote hiyo hakuitikia hata neno moja, na amezibeba zote.

Sasa kila Jumamosi anakuja. Kijana wa studio anatuwekea viti viwili. "Mizani" tumeimaliza, na kijana aliposikiliza alitoka nje akakaa kwenye ngazi, nasi tukamwacha. Nyingine bado tunabishana. Wifi ni mkali kuliko wewe, hataki nipambe. Kuna wimbo wa kijito cha kule Ileje ambao mimi nilikwisha kuuzika, naye akaufukua wote. Na sitakudanganya: upo mmoja ambao wote wawili tunakumbuka kiitikio peke yake, na huo nadhani umeondoka nao.

Jumamosi iliyopita, tulipofikiri tumemaliza kwa siku ile, akaanza mwingine. Taratibu sana. Wimbo wa mwanamke anayerudi shambani jioni, mikono inanuka maganda ya kahawa, na mumewe hataki anawe kwanza. Akaimba ubeti wa kwanza, akanisubiri niingie. Nami sikuingia. Akadhani nimesahau, akarudia mwanzo, akanikonyeza kabisa, haya, sasa. Nikamwambia, "Wifi, huo siujui."

Akasema, "Unaujua. Alikuwa anauimba kila mara."

Nikamwambia, "Hakuwahi kuuleta kwetu. Hakuna hata mtu mmoja wa bendi aliyepewa huo. Hauna sauti ya pili."

Alijiinamia, Kaka Jailo. Halafu akaangalia mikono yake. Alilia kilio ambacho hata kaburini hakulia, na mimi nikamshika, na kijana wa watu akajifanya anatengeneza waya. Mkeo alikaa akikusikia unaimba kila ukirudi, akidhani kila wimbo una mwenyewe na si yeye. Ungemwambia tu, ndugu yangu. Ungesema, "Huu wako." Lakini wewe ulikuwa mtu wa kuimba.

Nikamwambia tuuache hivyo hivyo, auimbe peke yake, ni wake. Akafuta macho na ncha ya kanga. Akakataa. Akasema, "Niwekee sauti yako. Nimechoka kuimba kimya."

Basi nakuaga kwa leo, mvua inakatika na watu wanarudi. Usiwe na wasiwasi na nyumba yako, kahawa imeuzwa vizuri na watoto wana afya. Mimi nina kazi. Nimeanza kuitafuta hiyo sauti, hapa hapa juu ya mzigo wa vitenge, na bado inanipiga chenga. Hii hukunifundisha, wala hutakuja. Nakuahidi Jumamosi nitasimama upande wangu, na mkeo akija atanikuta.

Ni mimi dada yako,
Enesi