Mbegu za Mama Sabina

Majengo, Mpanda
Desemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kama bado unavimba, mtume Josefu kisimani, asikudanganye kwamba anasoma. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na zaidi najikasirikia mwenyewe.

Najua unawatambia majirani huko Singida kwamba mwanao anafanya kazi ya ndege. Mama, ndege yenyewe sijaipanda hata siku moja. Wanaoruka ni wataalamu wa kigeni, wanaingia ndani ya mawingu kuyapima. Mimi narusha puto la kupimia hewa alfajiri, naandika mwendo wa upepo, nachora ramani. Saa mbili tunakaa kikao, nawaambia mawingu yatajengeka wapi na saa ngapi, nao wanaamua kama ndege itaruka au itabaki chini. Bosi alishatuonya: utabiri wa kikao ni wa ndege tu, atakayeupeleka mtaani afungashe arudi kwao.

Mwezi uliopita mvua ya kwanza ilinyesha siku tatu, mji mzima ukashika majembe. Siku ya nne nikasema kikaoni kwamba upepo umegeuka, karibu wiki mbili hatutaona wingu la maana. Wataalamu wakanuna, ndege ikafunikwa turubai.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta Mama Sabina, yule mjane aliyenipangisha chumba, amekaa mkekani anamenya karanga za mbegu. Zote, hakubakiza hata kibaba.

"Mwanangu, kesho naenda shambani Magamba kupanda," akaniambia. "Wewe wa mambo ya mvua, unaonaje?"

Nikasema, "Mungu ndiye anajua, mama." Halafu nikakaa nikamsaidia kumenya. Nilimenya mpaka vidole vikauma, na kila punje niliyoitoa nilijua inakwenda kuungua.

Ikawa vile vile nilivyochora. Jua kali, siku baada ya siku. Wageni wanacheza karata kwenye kivuli cha bawa, wanalalamika kwamba mbingu zinawapotezea muda. Kule Magamba karanga zilichipua kidogo zikanyauka, nyingine mchwa wakazimaliza. Mama Sabina alirudi na miche miwili kiganjani, imekauka mpaka mizizi.

"Nyie mnaopita juu kule, hii hamkuiona?"

"Hatukuiona, mama."

Akanishika bega. "Basi pole, mwanangu. Kumbe hata nyie mnahangaika tu kama sisi."

Heri angenitukana. Sasa mvua imerudi, ndege inaruka kila siku, na yeye anakwenda kupalilia mashamba ya watu kwa sababu la kwake halina kitu. Jana bosi alinisifu mbele ya wote kwamba sijakosea hata mara moja. Wakanipigia makofi, Mama, nami nikasimama pale natabasamu kama mjinga.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, shangazi wa kule mnadani, na huyo Josefu mvivu. Mama Sabina naye anakusalimu sana. Amesisitiza nikuandikie kwamba umelea mtoto mwema. Ukinijibu, hilo usiligusie.

Mwanao,
Elia