Mikono Yangu na Kichwa Kipya cha Mume Wangu

Basi alivua, mshauri wangu mpendwa. Ulinijibu kwamba mwanamume asiyevua kofia mbele ya mchumba wake ana jambo, nimwombe avue kabla ya ndoa na si baada, nami nilimwomba palepale kwenye benchi la saluni yangu, wateja walipokwisha kuondoka, akavua, na utosi ukang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, akanitazama kama mtu anayesubiri hukumu, nikaubusu. Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye harusi. Leo nakuja tena kukuomba msaada, na safari hii jambo liko juu ya kichwa kilekile.

Nimeolewa. Naandika neno hilo na mkono wenyewe unacheka. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, karakana yake iko nyuma ya saluni yangu ya kusuka, ukuta mmoja tu ndio unaotutenganisha, na akimaliza kazi huugonga kwa nyundo, taratibu, nami nikiusikia mlio ule nasahau nilikuwa nasuka mstari gani, mpaka wateja wananicheka, wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Anarudi akinukia chuma na ile sigara yake ya jioni, na mimi sijui kwa nini watu hununua manukato.

Upara wake haukunisumbua hata siku moja, mshauri, lakini yeye ulimkera tangu ujana. Wenzake karakanani walimwita Bwana Kofia. Picha za harusi zilipotoka alizitazama zote, kisha akasema, "Umependeza, mke wangu. Ila huyu mzee aliyesimama karibu nawe, ndiye baba yako?" Tulicheka hadi machozi, lakini nilimwona jinsi alivyoirudisha ile picha kwenye bahasha, akaigeuza uso chini.

Ndipo akaamua kwenda kupandikizwa nywele. Daktari alizitoa kisogoni akazipanda mbele na utosini, moja moja, kama miche inayotolewa kitaluni, na siku ya kutuaga alituambia wote wawili, "Hizi sasa zinaishi kwa damu. Damu ikizifikia vizuri zitashika. Msiziguse mpaka niwaambie." Sisi tulishika neno damu. Lile la pili tulilishika pia, lakini kwa mkono wa kushoto.

Mwanzoni alitii kila kitu, alilala ameegemea mito kama sultani, mimi nikimnyunyizia yale maji ya chumvi aliyopewa, nikiona nywele zimesimama kama nyasi baada ya mvua, nikawa naamka mapema ili nizitazame kabla hajafungua macho. Kisha vigaga vikaanza kudondoka, na nywele nazo zikafuata. Kwenye mto, kwenye taulo, kwenye kola ya shati. Mume wangu akanyong'onyea. "Damu haifiki," akasema, na hapo ndipo tulipopotea.

Siku moja nilirudi nyumbani nikamkuta amelala kitandani kinyumenyume, miguu ameipandisha ukutani, kichwa kinaning'inia nje ya godoro, uso umevimba na macho yamemtoka.

"Unafanya nini, baba?"

"Naipeleka damu kazini."

Mama mkwe naye akapiga simu akasema damu huitwa kwa moto, apakwe mafuta yaliyochemshwa na pilipili. Hilo nililikataa, namshukuru Mungu. Lakini jioni yake mume wangu alikuja akaketi sakafuni mbele ya kiti changu, mgongo ameugeuzia kwangu, kama wanavyoketi wateja wangu, akasema kwa sauti ile ambayo mimi siiwezi, "Vichwa vya mtaa mzima vinasinzia mikononi mwako. Changu kimekukosea nini?"

"Daktari alisema tusiguse."

"Daktari alisema damu. Na damu ya kichwa nani anaijua kuliko wewe? Ngoja ngoja huumiza matumbo, mke wangu."

Mshauri, ni kweli kwamba nikimkanda mteja kichwa anasikia joto linapanda, anasema damu imeamka. Basi nikapasha mafuta kidogo, nikamkanda, utosi wote, kwa ncha za vidole, nikizungusha kama ninavyozungusha siku zote. Akafumba macho. Akasema anasikia siafu wa moto wanatembea, damu hiyo imefika. Nilipoinua mikono, nywele zilikuwa zimeshikamana na vidole vyangu. Nikazifutia kwenye mfuko wa aproni, nikamwambia kichwa kimelainika.

Tangu siku hiyo kila jioni anakuja kuketi palepale, nami kila jioni nina sababu. Mara mikono ina dawa ya nywele, mara mgongo unaniuma, mara mteja wangu wa mwisho alichelewa. Juzi hakuketi. Alisimama mlangoni, akaitungua ile kofia yake ya zamani kwenye msumari, akaivaa akaivuta mpaka masikioni, akasema bila hasira yoyote, "Sikulaumu. Hata mimi nisingependa kukishika." Akatoka. Na jana ukuta haukugongwa.

Sasa nifanye nini, mshauri? Nikimkanda naogopa naziua, nikikataa anaona namkimbia, nikisema ukweli atajua kwamba nywele alizozililia zilitoka kwa mikono ya mkewe, na hatujamaliza hata kuandika barua za shukrani za harusi. Niambie kama nimeziua. Aproni sijaifua mpaka leo, siwezi kuutia mkono katika mfuko ule.

Ni mimi, wa Bwana Kofia.


Wa Bwana Kofia, mwanangu,

Vuta pumzi kwanza. Kabla ya kukujibu nilikwenda kumwuliza daktari wa ngozi ninayemwamini, kwa sababu mambo ya ndoa nayajua, ya mizizi ya nywele siyajui. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaniambia hivi: nywele zilizopandikizwa hudondoka katika wiki za mwanzo, karibu kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye hajaguswa na unyoya. Kinachoanguka ni unywele. Shina lake hubaki ndani ya ngozi, hupumzika, na baada ya miezi kadhaa huanza kuchipua upya. Kwa hiyo huenda nywele zilizokuwa vidoleni mwako zilikuwa njiani kuondoka. Nasema huenda. Mwenye kuweza kukuhakikishia ni daktari aliyezipanda, na mtakwenda kwake wiki hii, wewe na mumeo pamoja. Mkiona usaha, homa, maumivu yanayozidi au ngozi inayobadilika rangi, msingoje siku ipite.

Sasa nikugombeze kidogo, halafu yaishe. Wewe ni msusi. Mteja akikujia na kidonda kibichi kichwani, ungemkanda? Ungemwambia aende apone kwanza, na ungemwambia ukiwa umeshika kiuno. Kwa mumeo ukashindwa, kwa sababu aliketi kwa upole na kusema kwa sauti ile. "Hapana" ya mke ni dawa pia, mwanangu, jifunze kuitoa ndoa ikiwa bado mbichi. Na wewe mkwe wangu, kama unasoma hii juu ya bega lake, ulimtia mkeo majaribuni na unajua.

Mlisikia damu mkaifuata mbio. Hamkukosea, damu ndiyo chakula cha nywele zile. Lakini kidole kinachozungushwa juu ya ngozi ambayo haijafunga kinaweza kung'oa kabla hakijalisha. Wakati wa kukanda utafika, daktari atakuambia lini na kwa nguvu gani, na siku hiyo mumeo atakuwa na bahati kuliko wagonjwa wote wa yule daktari, maana wao watarudi nyumbani kwa mikono isiyojua kitu. Kwa sasa, mafuta ya moto weka kando. Pilipili mrudishie mama mkwe jikoni kwake, kwa heshima zote. Na miguu ishuke ukutani, damu inayomiminwa kichwani namna ile inaleta uvimbe tu.

Barua yako niliisoma mara ya pili, na humo nikawaona wezi wa damu mnaoishi nao bila kuwashuku. Wa kwanza umemtaja ukimsifia, hata ukasema hujui kwa nini watu hununua manukato. Ni ile sigara ya jioni. Sigara huibana mishipa ile midogo inayofikisha damu kwenye ngozi ya kichwa, sasa mumeo anapanda bustani halafu anakanyaga mpira wa maji. Aiache. Asikuambie ni moja tu. Wa pili ni kofia aliyoivuta mpaka masikioni, na wa tatu nadhani ni ule mkanda wa kinga ya uso anayovaa akichomelea, kwa maana huo nao hukaza kichwa pande zote. Amwulize daktari arudi lini kwenye kazi ya kuvaa kitu kichwani, na mpaka hapo apime na kukata vyuma, wenzake wachomelee. Watamcheka. Walishamcheka zamani na hakufa.

Mnataka damu itembee? Basi atembee mwenyewe. Jioni, jua likipoa, shikaneni mikono mzunguke mtaa, mwendo wa wachumba, asibebe kizito wala asikimbie. Anywe maji ya kutosha, ale vizuri, alale vile daktari alivyomwelekeza. Hayo hayana siafu wa moto, ndiyo maana watu hawayaamini.

Nimeacha kubwa liwe la mwisho. Mumeo hakuvaa ile kofia kwa sababu nywele zimedondoka. Aliivaa kwa sababu mikono iliyompokea siku ile alipovua, imeanza kuwa na visingizio. Wewe unamkinga, yeye anaona anakimbiwa, na hakuna kati yenu aliyesema neno la kweli tangu jioni ile ya mafuta. Kwa hiyo leo usingoje ukuta ugongwe. Ugonge wewe. Akija, mwambie aketi palepale mbele ya kiti chako, na kofia aivue. Toa kilichomo mfukoni mwa aproni, mwoneshe, umwambie: nilikukanda, zikatoka, nikaogopa, nikakudanganya. Kisha msomee barua hii kuanzia pale penye maneno ya daktari juu ya shina la unywele. Ataumia kidogo, na atapumua sana.

Halafu weka mikono yako mabegani mwake. Mabega daktari hakuyakataza. Utosi na kisogo uviache, kisogo nacho kina majeraha ya pale nywele zilipotolewa, lakini mabega, mikono, nyayo zilizosimama juu ya saruji siku nzima, hivyo vyote ni vyako, vikande mpaka asinzie. Alikuwa akitaka nywele, sikatai, ila nadhani kila jioni alikuwa anakuja kutafuta kiti kile. Usimnyime kiti kwa sababu ya kichwa. Na akikwambia tena ngoja ngoja huumiza matumbo, mjibu kawia ufike.

Nami nimekaa na nywele zangu hizi bila kusukwa mpaka binti zangu wananiuliza kama nimefiwa. Kichwa changu hakikupandwa kitu, kila kilichopo ni cha kuzaliwa, kwa hiyo nacho ukikande utakavyo, mafuta ya moto ruksa. Niwekee nafasi ya alasiri, nikae mpaka nisikie nyundo ikigonga ukuta, na bwana harusi akiingia nimwone kichwa wazi. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja.