Konzi Yangu ya Udongo

Mdogo wangu Magesa,

Alhamisi ile ya maziko nilipoteza nafasi yangu kwenye kaburi la mama, na tangu hapo simu zangu hupokei. Ndiyo maana nakuandikia kutoka huku Tunduma. Mimi ni mzima. Natumaini miguu ya baba imepungua uvimbe, nanyi mmeanza kulala.

Nasikia mnasema napenda lori kuliko ndugu. Sasa sikiliza hesabu. Nilikuwa na saruji ya kushusha Bweri, hapo Musoma, kwa hiyo safari yenyewe ilikuwa inanileta nyumbani. Jumatano jioni, Shinyanga, saa zangu za kuendesha zikaisha. Siku hizi serikali imeziwekea kikomo, na kifaa kinazihesabu humo humo kwenye lori. Mkaguzi akachukua ufunguo.

"Mkuu, sijachoka. Kesho mama yangu anazikwa. Acha nichague mwenyewe."

"Pole sana, dereva. Wote hamchokagi. Hata yule tuliyemtoa chini ya lori lake juzi, alisimama hapo hapo ulipo akaniambia hajachoka."

Nilitazama chini nilipokuwa nimesimama. Mzigo wa watu siwezi kuuacha nikapanda basi. Nikalala kwa amri, kama mtoto.

Ufunguo nilirudishiwa saa mbili asubuhi. Nikakupigia: ningojeni mpaka saa kumi tu. Ukasema, "Kaka, mchungaji ana maziko mengine." Mkazika saa nane. Mimi nilikuwa nakaribia Bunda. Nikashusha saruji, nikageuza. Nyumbani Bukima sikuja, ningetazama nini pale? Kaburi limeshafukiwa bila mkono wangu.

Sasa kila kifaa kinapolia nizime gari, nikijilaza tu namsikia mama. Unakumbuka alivyokuwaga, hapakui ugali mpaka kila mtoto aitike jina lake? "Mafuru bado?" Anaita vile vile. Naitika, anaita tena. Dereva wa lori lililoegeshwa jirani anasema naitika kwa sauti, mpaka anaamka.

Unajua kwetu: asiyefika kaburini, ndugu yake humtupia konzi yake ya udongo na kumtaja jina, marehemu asikie. Ile kazi ilikuwa yako.

Nisalimie baba, shangazi aliyemwogesha mama, na mkeo aliyewapikia waombolezaji.

Jumamosi saa nne asubuhi navuka mpaka, na laini hii haitashika tena. Pokea simu kabla ya hapo, sitaki maelezo. Ulinitaja, au hukunitaja?

Kaka yako,
Mafuru