Nimepita Chini ya Bahari Mwenyewe

Baba Salma,

Asalamu aleikum huko uliko. Jana nimerudi nyumbani Azaiba kutoka Dubai, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe. Tumepata mjukuu wa kike. Na aliyeendesha gari kwenda kumwona ni mimi.

Ndiyo, gari lako. Tangu ututoke limekaa tu bandani, mwanao Nassor anakuja Ijumaa kuiwasha injini. Salma alipopiga simu kutoka kwake Dubai kuwa uchungu umemwanza kabla ya wakati, Nassor alikuwa zamu kiwandani Rusayl, hapatikani. Nikamwambia wifi yangu, huyu dada yako Zuwena, "Vaa buibui, twende."

Unalijua lile handaki la Dubai, barabara inayopita chini ya mkono wa bahari. Miaka yote ile tukipita, mimi nnajifunika uso na kusoma Ayatul Kursi, na wewe unanidanganya, "Funua, tumeshatoka," kumbe ndiyo kwanza tuko katikati. Nakupiga begani. Bega lile, Baba Salma.

Safari hii macho sikuweza kuyafumba. Na katikati hasa, magari yakasimama. Lori limeharibika mbele. Moshi, honi, taa za manjano. Zuwena akaniuliza, "Bahari iko juu yetu sasa hivi?"

"Iko. Na dari ipo."

Nikaanza kumhadithia ulivyonifundisha kuendesha kwenye viwanja vitupu huku kwetu, unasema huna khofu hata kidogo, na mguu wako unakanyaga breki isiyokuwepo mpaka zulia likatoboka. Zuwena akainama kutazama miguuni pake. Tundu lingalipo. Tulicheka mpaka wa nyuma yetu akatupigia honi, kumbe njia imeshafunguka.

Hospitali tumemkuta Salma keshajifungua. Akatazama nyuma yangu, anamtafuta dereva. "Mama, kakuleteni nani?" Nikamwonyesha ufunguo. Akalia, nami nikalia.

Sasa Zuwena naye anataka kujifunza, umri wote huo.

Basi nnakuaga, mume wangu. Gari siliuzi. Dada yako nitamfundisha, na sitomfokea. Na mtoto akitimiza arubaini nitakwenda tena kumbeba, kwa njia ile ile, macho wazi.

Mungu akutilie nuru ulipolala.

Mkeo,
Mama Salma