Donge la Leo

Dada,

Donge la unga lililo mezani si la kupika, usije ukalitia kikaangoni. Lina chumvi tele, ni la mtoto kuchezea. Lifunike kwa kitambaa kibichi lisikauke, na ile sura aliyoifinyanga usiiguse.

~~Mwanao mpeleke kwa jirani kama kawaida.~~ Usimpeleke.

Asubuhi, wewe ukiwa bado umelala, nilimwambia binti yangu anifinyangie furaha. Akafinyanga uso unaocheka, akasema, "Huyu ni Mama Jirani, mlango ukiwa wazi." Nikamsifu. Akaugeuza. Upande wa nyuma alikuwa ametoboa macho makubwa, na mdomo ameupasua mpaka masikioni. "Na huyu ni yeye, akishafunga mlango." Nikamuuliza akishafunga huwa anawafanya nini. Akaficha mikono chini ya meza.

Jana ulinicheka, eti nina donge na mama wa watu kwa sababu watoto wanampenda. Haya, donge la leo sikulifinyanga mimi.

Wangu nimekwenda naye kazini. Jirani akija kugonga, mjibu ukiwa ndani kwamba wako ana homa, wala usimfungulie. Usigombane naye mpaka nirudi, nakujua ulimi wako.

Wangu angalau anaweza kufinyanga. Wako hata kusema bado, na juzi ulikuwa unashukuru kwamba siku hizi ukimwacha kule halii tena.

Mdogo wako