Baba, Hata Yule Mwingereza Aliwaacha Wasali

Kwako Baba,

Watu huwaandikia marehemu wao kuwaambia wanavyowapenda. Mimi ninakuandikia kukwambia kwamba bado nina hasira na wewe, na kwamba siku ya mazishi yako nilifanya jambo usilolijua. Ninaiandika barua hii wazi kwa sababu pale kwetu Naitiri wako watu ambao mpaka leo wanakuita Mwalimu, na wana haki ya kulisikia.

Nianze na Jumamosi, maana Jumamosi zilikuwa nzuri. Ulikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya upili, mzee wa kanisa, na mwimbaji wa besi ambaye kwaya ilikuwa haiwezi kuanza bila yeye. Tukimaliza chakula cha mchana ulinishika mkono tukaenda sokoni, kwenye baraza la duka la fundi cherehani. Mafundi wa baiskeli walikuwa wamekwisha kukaa, wamejipangusa grisi kwa matambara. Akina mama wa mboga walikuja na watoto wao mgongoni. Na wewe ukaanza kuwaambia habari za yule Mwingereza wako, mwanabiolojia wa enzi za Malkia Victoria.

"Alisoma shule miaka miwili," ulisema, ukiinua vidole viwili. "Miwili tu! Mengine yote alijifundisha."

Ukawaeleza alivyosafiri kwa meli akiwa msaidizi wa daktari, akawa anavua viumbe laini wa baharini na kuwachunguza. Ukawaeleza kuhusu rafiki yake, mtu mpole, mgonjwa mgonjwa, aliyeandika kwamba viumbe wote wamegeuka polepole, kizazi baada ya kizazi, kutoka kwa wazazi wa zamani sana. Rafiki huyo hakuweza kusimama kwenye vita vya maneno. Mwingereza wako ndiye aliyesimama, mpaka mbele ya askofu, watu wakijaa ukumbini. Na baada ya mabishano na wakubwa alikuwa anarudi kuwafundisha wafanyakazi wa kawaida, watu wa mikono migumu. Siku moja aliwashikia kipande cha chaki tu, na kwa hicho, chenye mabaki ya viumbe wa kale, akawaonyesha bahari iliyokuwepo kabla ya mtu yeyote kuzaliwa.

"Ngoja Mwalimu," fundi mmoja wa baiskeli alikukatiza. "Ati chaki ni mifupa?"

"Si hii ya shule. Ile ya kwao, ya kuchimbwa. Ni maganda ya vidudu vidogo hata huwezi kuviona."

"Vingapi, bana?"

"Ukianza kuvihesabu leo utakufa hujamaliza kipande."

Walicheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikutazama nikajua hakuna mtu mwenye akili kukushinda katika wilaya nzima.

Halafu mzazi mmoja akapeleka maneno kanisani. Mchungaji hakuwa mtu mbaya, Baba, hata wewe ulikubali. Alikuja nyumbani akanywa chai, akasema somo la mageuko halina shida kwa sababu liko kwenye mtihani wa kidato cha nne. Alitaka kujua jambo moja tu: je, wewe mwenyewe unaamini nini? Nilikuwa napanga vikombe. Ulimjibu kwamba huwezi kusema Mungu hayupo, wala huwezi kusema unajua yupo, na kwamba mtu asiyejua jambo aseme hajui. Hayo nayo ulikuwa umeyachukua kwa Mwingereza, aliyejitungia jina kabisa la watu wa namna hiyo, wanaosema hawajui. Mama alikuwa mlangoni na birika mkononi. Hakummiminia mtu yeyote chai. Alirudi jikoni tu.

Wakakuvua uzee wa kanisa. Ukaacha kwaya. Jumapili ulibaki nyumbani na vitabu vyako, sisi watatu tukaenda, Mama, mimi na Wekesa.

Sasa nifike kwa Wekesa, ambaye wewe ulikuwa hutaki tumtaje. Ndugu yangu alikuwa na miaka sita. Malaria ilimpanda kichwani siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi tulikuwa tumemrudisha kutoka hospitali ya Kitale akiwa kwenye jeneza dogo jeupe. Mchungaji alikuja tena. Alisimama nawe karibu na ghala la mahindi, nami nilikuwa nyuma ya ghala hilo nachukua kuni. Nilisikia yote.

"Mwalimu, wazee wamekataa nisimzike mtoto hivi hivi. Lakini si useme tu kitu kidogo mbele ya watu? Useme ulipotoka. Dakika moja, basi. Kwaya iko tayari, akina mama wako tayari."

"Na kama sikupotoka?"

"Hata kama. Sema kwa ajili ya mama ya mtoto."

Uliegemea ghala. Kisha ukasema, "Siwezi kusema uongo leo, Mchungaji. Leo kuliko siku zote."

Kwa miaka mingi watu wa sokoni Naitiri walinisimulia jibu hilo kwa sifa. Hawakumwona Mama. Kwaya haikuja. Akina mama wa kanisa walipita barabarani wakaangalia chini. Baba zangu wadogo walichimba kaburi karibu na migomba, wakateremsha jeneza, na hapo hakuna aliyejua kinachofuata. Mama ndiye aliyeanza kuimba. Aliuanza ule wimbo wa mazishi ambao wewe ulikuwa ukiubeba kwa besi, na sauti yake ikatetemeka, ikatafuta ile ya chini ya kuishikilia. Nilikutazama. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuombea kwa nguvu zangu zote ufungue mdomo. Hakuna mzee wa kanisa aliyekuwa amekuzuia kuimba. Hakuna uongo wowote katika besi, Baba. Ulisimama ukatazama udongo. Mama aliimba ubeti mmoja, akashindwa wa pili.

Hilo ndilo nisilokusamehe. Mchungaji na wazee wake nawachukia kama wanavyostahili, lakini wao hawakuwa baba yangu.

Mwezi uliofuata Mama alinichukua tukahamia Kitale kwa dada yake. Akaanza kuuza mitumba sokoni, nguo za watoto, na kila alipokunja suruali ndogo nilitazama pembeni. Wewe uliomba uhamisho ukaenda kufundisha upande wa Bungoma, ukapanga nyumba karibu na Kibabii. Uliniandikia barua. Zote zilikuwa za sayansi. Katika moja ulinichorea mkono wa mtu, bawa la popo na pezi la nyangumi, ukaonyesha mifupa inavyofanana. Hukuuliza hata siku moja Mama anaendeleaje.

Na bado nilisoma biolojia. Sijui kama nilikufuata au nilitaka kukushika kosa. Chuoni nilitafuta habari za maisha ya Mwingereza wako, si mabishano yake, maisha yake ya nyumbani. Ndipo nikakuta mambo ambayo hukuwahi kuyasema pale barazani. Naye alizika mtoto. Mwanawe wa kwanza, kivulana cha miaka michache, alichukuliwa na homa kwa siku chache tu. Rafiki yake kasisi alimwandikia kumfariji, naye akamjibu kwa barua ndefu ya heshima, akakataa kuamini jambo kwa sababu tu lingempunguzia uchungu. Hapo mlifanana. Lakini kwenye mazishi yenyewe kasisi aliyeongoza ibada alisoma maneno ya mazishi, nayo yalimkera sana Mwingereza, na yeye akasimama pale nyuma ya jeneza akavumilia. Aliwaacha wasali. Watoto wake alikubali wabatizwe. Mke wake alikuwa mcha Mungu, na walipendana mpaka mwisho.

Nilitoa kopi ya kurasa hizo, nikaja Kibabii siku hiyo hiyo. Ulikuwa unapepeta maharage nje. Nilikuwekea karatasi mapajani nikasema soma. Hukuzisoma.

"Najua," ulisema.

"Unajua nini?"

"Najua hayo. Niliyasoma zamani."

"Zamani lini? Baada ya Wekesa?"

Ukaendelea kuchagua mawe kwenye ungo. "Kabla."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nikakuuliza kwa nini, basi. Kwa nini, kama hata yeye aliweza. Ulichosema bado nakisikia.

"Niliona alilegea pale. Nikafikiri mimi nitakuwa imara kuliko yeye."

Nilichukua mkoba wangu nikaenda stendi. Miaka minne hatukuzungumza, na mwaka huu, kabla ya mvua ndefu, jirani yako akanipigia simu kwamba hukuamka.

Sasa hilo jambo nililofanya. Nilipokuja kukusanya vitu vyako nilikuta bahasha mezani yenye jina langu. Ndani kulikuwa na karatasi moja, na mstari wa kwanza ulisema hutaki mchungaji wala maombi. Sikusoma zaidi. Nilikunja karatasi nikaisukuma chini kabisa ya mkoba wangu. Mama alikuwa amefika kutoka Kitale na wenzake wanne wa kanisa, amevaa nguo nyeusi, amekuja kumzika mume ambaye yeye mwenyewe alimwacha, na baada yake hakuolewa na mwingine. Baba mdogo aliniuliza mbele ya wote:

"Nekesa, wewe ndiye wa kwanza kuingia nyumbani kwake. Mwalimu aliacha neno lolote?"

"Hapana," nikasema. "Hakuacha neno."

Basi wakakusalia. Walisali saa nzima, Baba, na nyimbo zikaimbwa, na Mama akamshukuru Mungu kwa maisha yako kwa sauti kubwa. Nilifurahi. Nilitaka ulazimike kuvumilia, kama Mwingereza alivyovumilia.

Wiki mbili baadaye, nikiwa Kitale nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nilitafuta kalamu nyekundu kwenye ule mkoba nikaikuta karatasi. Nikaisoma yote. Chini ya ule mstari wa kwanza ulikuwa umeandika hivi, kwa mwandiko wako wa ubaoni: "Lakini Mama Nekesa akitaka maombi, yafanyike. Mimi sitasikia. Yeye atasikia. Mwambie nilipaswa kuyaruhusu mara ya kwanza."

Kwa hiyo ulikuwa umekubali. Na mimi nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba hukuacha neno.

Nilikaa na karatasi hiyo siku tisa. Kuionyesha kulikuwa ni kukiri kwamba nilidanganya. Siku ya kumi nilikwenda kibandani kwa Mama sokoni, saa za mchana wateja walipopungua, nikamweleza yote, nikampa. Alivaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikisogea. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena.

Nilingoja alie, au anikemee. Alikunja karatasi mara nne akanirudishia.

"Alikuwa na simu," alisema. "Namba yangu alikuwa nayo."

Kisha mteja akaja kuuliza bei ya sweta, naye akainuka kumshughulikia.

Karatasi yako ninayo mimi. Mama hajaiulizia tena, na sitamlazimisha. Wiki ijayo nitawafundisha kidato cha nne mageuko, na nitayafundisha vizuri, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilifundishwa na mtu aliyejua kufundisha. Usidhani hiyo ni salamu ya amani. Lala huko uliko, Baba. Sisi huku bado hatujamaliza na wewe.

Ni mimi,
binti yako, mtoto uliyebaki naye